Kinga na tshukudu juu ya Fuso: kamba ishike gari, si mzigo

Pale Sake, barabara inayotoka Goma, mwendo wa kilometa karibu 25, inagawanyika. Moja inapanda Mushaki kwenda Masisi, nyingine inaelekea Kilolirwe na Kitshanga, na ingine inafuata ziwa kwenda Kirotshe, Bweremana na Minova. Asubuhi, Fuso na kamio zinajaa watu na mizigo, na karibu kila gari liko na kitu kimoja kilichopandishwa mwisho kabisa, juu ya vyote: kinga, ao velo kama wengine wanavyosema. Mara zingine iko moja, mara zingine kumi. Tshukudu nazo zinapandishwa vilevile, juu kupanda mlima na tshukudu mkononi ni kazi ya kuua mtu, lakini kushuka nayo ikiwa imejaa makala, shu ao viazi njo inaleta chakula nyumbani.

Konvoyeri anarusha kamba, anavuta, anapiga kofi mbili juu ya mzigo, anasema: «Papa, usiogope, hii haiwezi toka.» Gari linaondoka. Tuongee leo juu ya kile kinachofuata.

Watu wengi wanafikiri kinga inaanguka sababu kamba ilikuwa mbovu. Inafikaga, ndiyo. Lakini mara nyingi kamba iko nzima, fundo liko zima, na kinga imeanguka. Shida ni kwamba ilifungwa juu ya magunia, haikufungwa kwenye gari. Gunia la makala ao la viazi halitulii. Kilometa za kwanza, gari likiruka kwenye mashimo, makala inajipanga upya, viazi vinajisukuma, na mzigo wote unashuka kidogo. Kamba iliyokuwa inakaza Sake inakuwa imelegea mbele ya kufika Mushaki. Haikukatika na haikufunguka. Kitu kilichokuwa kinaishikilia kimepungua, basi.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kamba ishike chuma cha gari. Kila kamio liko na vyuma vya pembeni, ndoano, ao mabomba ya karoseri. Kamba itoke chuma cha upande mmoja, ipite juu ya kinga, ifike chuma cha upande wa pili. Kinga ikifungwa kwenye kamba ya gunia, gunia likihama inahama nalo.

Na jambo la pili linatoka humo humo: simamisheni gari nyuma ya kilometa chache, mkaze tena. Dereva atanung'unika. Lakini hata kule Ulaya, wenye yale magari yaliyo nyumba kabisa, yenye kitanda na jiko ndani, ambao wanatundika kinga zao nyuma wanapoenda kutembea, wanafundishwa hivyo hivyo: nenda kidogo, simama, gusa kila mshipi, kaza. Wao wako na lami laini na vibebeo vilivyotengenezwa kiwandani. Sisi tuko na barabara ya Masisi wakati wa mvua.

Sasa, kinga moja iko na uzito gani? Zile za chuma, za kubeba ndizi na bidoo, ziko karibu kilo 20. Mtu anasema: kilo 20 ni kitu gani? Ngoja tuhesabu. Gari likikimbia kilometa 40 kwa saa, kitu kinachoruka kutoka juu yake kinatoka na mwendo uleule. Kikigonga mtu ao gari lililosimama, kinagonga kwa nguvu ya kitu kilichoangushwa toka urefu wa mita 6 na zaidi. Kwa hiyo kinga iliyotoka juu ya Fuso ni kama imeangushwa toka juu ya nyumba ya etaji. Na chini hapa kwetu hakukosekani mtu: mama mwenye kitunga, mtoto wa shule, mwenye tshukudu anayesukuma. Juu kwenyewe kunakuwa watu waliokaa kati ya magunia, na wengine wameshika hiyo kinga kwa mkono, wakifikiri ni kitu cha kujishikilia.

Kanuni ya kufunga mizigo inayofuatwa Ulaya inaomba kamba ziweze kushika, upande wa mbele, nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 pembeni na nyuma. Upande wa mbele uko na hesabu kubwa sababu ya freni ya ghafla. Kwa kinga moja ni kilo 16 tu, hata kamba ndogo inaweza. Lakini kinga kumi zilizofungwa pamoja zinasukuma mbele na kilo 160, na zote zinategemea fundo moja.

Hapo njo kwenye kosa ambalo, kwa maoni yetu, linaangusha vitu vingi kupita mengine yote: kamba moja kwa kinga zote. Konvoyeri anapenda hivyo, inaenda haraka. Lakini angalia safari yenyewe. Wa kwanza anashuka Mushaki, anaomba kinga yake. Kamba nzima inafunguliwa. Kinga inashuka, watu wanapiga kelele gari liondoke, na zile tisa zilizobaki zinarudishiwa kamba kwa haraka, bila mtu kupanda kuangalia. Mbele kidogo kuna kizuizi, mizigo inaangaliwa, kamba inafunguliwa tena. Kila kituo kinapunguza ufungaji wa Sake, mpaka yule anayeenda mbali zaidi anasafirisha kinga iliyolalia tu. Kama unaenda mbali, njo wewe unayepaswa kuwa na kamba yako mwenyewe. Mita 5 ao 6 zinatosha. Chagua rangi utakayoitambua toka chini, na gari likisimama, inua macho uitafute.

Kamba ya aina gani? Wengi wanatumia mpira wa ndani wa tairi uliokatwa. Mpira ni mzuri kwa kazi moja: kushika kitu kisipige kelele na kisicheze. Lakini mpira unavutika. Dereva akikanyaga freni, unaachia kinga iende mbele nusu mita, kisha unairudisha, na hiyo nusu mita inatosha kugonga kichwa cha mtu. Basi kamba ya nailoni ishike kwanza, mpira uje juu yake kama msaidizi. Kamba ya katani inakaza ikilowana na mvua, kisha ikikauka inalegea. Ukiwa nayo, ikamate tena jua likitoka. Ile ya migomba tuiachie mikungu ya ndizi.

Kamba haikatwi na uzito peke yake, inakatwa na kusuguliwa. Ukingo wa chuma cha karoseri uko kama msumeno kwa kamba inayotikisika saa tatu. Weka kipande cha tairi ya zamani ao gunia lililokunjwa pale inapopindia chuma. Na fundo lenyewe linapunguza nguvu ya kamba karibu nusu, kwa hiyo usijaze mafundo mengi. Madereva wa zamani wanajua namna moja nzuri: katikati ya kamba unatengeneza kitanzi, ncha unaipitisha kwenye ndoano ya gari, unairudisha ndani ya kitanzi, unavuta kuelekea chini. Utaona mkono wako umekuwa na nguvu ya watu wawili. Ukimaliza, funga ncha mara mbili chini ya kitanzi.

Kwenye kinga yenyewe, kamba ipite wapi? Si kwenye spoko, zinapinda. Si kwenye usukani, unageuka na kamba inalegea. Si kwenye vyuma vyembamba vya freni. Ipite kwenye kadre, ule mwili wa chuma, sehemu mbili: chini ya kiti, na mbele pale uma wa gurudumu unapoanzia. Kisha gurudumu la mbele lifungwe na kadre kwa kipande cha mpira lisizunguke, sababu gurudumu linalozunguka linakata kamba polepole. Ilaze upande usio na mnyororo. Pedali, kama ufunguo uko, zitoe uweke mfukoni. Pedali ya jirani imeshatoboa matairi ya wengi.

Tshukudu ni habari ingine. Ile kubwa ya kubeba magunia inaombaga watu wawili ao watatu kuinyanyua, kwa hiyo haina haki ya kukaa juu ya watu. Ipakiwe ya kwanza, chini, imelazwa kufuata urefu wa gari, magunia yaje juu yake. Ndiyo, itashuka ya mwisho. Njo bei ya usalama, na afazali kupatana juu ya hilo mbele ya kupakia. Ikikosa nafasi chini, ifungwe kwenye ubao wake wa kukanyagia, si kwenye mkono wa usukani, na isiwe na mtu nyuma yake ao mbele yake.

Wengine wanazitundika inje, pembeni ya Fuso. Hapa tuseme wazi: hatupendi. Sisi tunaendeshea kuume. Kwa hiyo upande wa kushoto wa gari unapishana na gari lingine kwenye barabara nyembamba, na upande wa kuume unapita karibu na watu wanaotembea. Kitu kilichotundikwa kushoto kitang'olewa, cha kuume kitapiga mtu. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani, ambao inchi yetu iliingia 1977 ikiitwa Zaïre, unasema mzigo usihatarishe watu, usiburute wala kuanguka barabarani, usimfiche dereva mbele, usifunike taa wala plake. Mzigo unaotokeza zaidi ya mita moja mbele ao nyuma unapaswa kuwekewa alama, na usiku taa. Kama ni lazima kitu kikae inje, kikae nyuma, na taa nyekundu zionekane.

Wenye jeep wanaofunga kinga nyuma, wakumbuke vitu viwili. Sehemu iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma njo inaruka zaidi kwenye kila shimo, kwa hiyo kamba zinachoka haraka. Na bomba ya moshi inachoma: tairi ya kinga ikining'inia mbele yake inaweza kuyeyuka mbele ya kufika Sake. Juu ya galeri, imelazwa, ni bora.

Na moto? Kinga iliyowekwa kukingama nyuma ya dereva wa moto iko na urefu karibu mita 1,80. Ni kusema moto imekuwa pana kama gari, lakini dereva anaendelea kupita kwenye nafasi ya moto. Toa gurudumu la mbele, utapunguza urefu huo. Lakini kumfunga mwenye kinga ao mwenye tshukudu kwa kamba nyuma ya moto imvute mpaka juu, ao kushika mkia wa Fuso kwa mkono mmoja kama vijana wanavyofanya kwenye mlima, hapo hakuna namna nzuri ya kufundisha. Gari likisimama unaingia chini yake, na likiruka shimo, shimo lile linakungoja wewe.

Kuna wakati barabara inafungwa na watu wanapita ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu wengi wakafa. Kwenye boti, uzito ulio juu njo unaoipindua. Kinga 30 juu ya paa ni kilo 600. Zikae chini, mbali na mlango, na fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja.

Haya yote yako na maana zaidi kwa mtu ambaye kinga njo kitu kilichobakia. Februari 2025, kambi za pembeni ya Goma zilipofungwa, watu wengi walirudi Masisi na vitu vyao juu ya kamio ao kwa mguu: malata, sufuria, magodoro. Mwenye kinga ao tshukudu alikuwa na namna ya kuanza tena. Ikivunjika njiani, hakuna duka la mkopo linalomngoja pale Mushaki.

Ukifika, fungua kamba ukiwa pembeni, si mbele yake. Kamba iliyokaza inarudi na nguvu usoni. Simamisha kinga, zungusha magurudumu yote mawili, kamata freni uone kama vyuma vyake havikupinda chini ya magunia. Fanya hivyo mbele ya kupakia kitu na mbele ya kupanda, sababu toka Mushaki kurudi Sake barabara inashuka.