Mabaka ya Bluu kwenye Flaiwili

Giaboksi lilikuwa limelazwa juu ya tairi kuukuu, na fundi alikuwa chini ya gari akimulika tochi mahali lilipotoka. "Njoo uone," akaniita. Nikatandika kipande cha katoni nikaingia kwa mgongo. Presha pleti ilikuwa imeshafunguliwa na uso wa flaiwili ulikuwa wazi: duara la chuma cha kijivu, na juu yake mabaka ya bluu iliyokolea, kila moja sawa na ncha ya kidole gumba, yamefuatana kwenye mzingo kama nyayo za mtu aliyezunguka kisima.

Gari lilikuwa Datsun 240Z, toleo la mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakenya walioikuta Safari ya enzi hizo wanalijua hata kwa mlio. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa gari la aina hii, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa 240Z, Mehta akiwa amelingana pointi na Harry Källström. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa cc 2393. Mwenye gari hili alikuja na lalamiko moja: akipanda mlima injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Klachi inateleza.

Wengi wakiambiwa hivyo hununua klachi pleti mpya, hufunga, huondoka. Miezi michache baadaye gari linatetemeka kila likiondoka, na lawama zinamwangukia aliyeuza pleti. Mimi nasema kosa huwa limekaa upande wa pili. Klachi pleti imeundwa iliwe na itupwe. Flaiwili inabaki, na kila joto ililopata inabaki nalo.

Klachi pleti hukaa katikati, flaiwili upande huu na presha pleti upande ule. Springi ya presha pleti, yenye umbo la sahani iliyochanwa vidole, huibana daima. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukuma uma, uma unasukuma beringi, beringi inabonyeza vidole vile, na mbano unalegea. Kwenye 240Z pleti ina kipenyo cha milimita 225. Tuchukulie mbano wa niutoni 4500 na kipimo cha msuguano cha 0.3: kwa nyuso zake mbili, pleti itahimili takriban niutoni-mita 250 kabla ya kuteleza. Injini yenyewe hutoa kama 200. Akiba hiyo si kubwa. Tone la oili kutoka kwenye sili ya nyuma ya kranki linatosha kuimaliza, kwa sababu likipaka uso wa pleti, ile 0.3 inashuka papo hapo.

Sasa tuje kwenye joto. Kila gari linapoondoka kutoka kusimama, klachi lazima iteleze kidogo, maana injini inazunguka na magurudumu bado. Kwenye tambarare, injini ikishikilia mzunguko uleule wakati unaachia pedali, nishati inayogeuka joto kwenye klachi ni sawa na ile inayoingia kwenye mwendo wa gari. Kwa gari la kilo 1100 hadi kilomita 15 kwa saa, hiyo ni karibu kilojuli 10. Joto hilo likienea sawasawa katika kilo 10 za chuma, chuma kitapanda nyuzi 2 tu. Hakuna wa kudhurika.

Mlimani kwenye foleni mambo ni mengine. Dereva anayeshikilia gari lisirudi nyuma kwa nusu klachi, bila kugusa breki, anaziba mlango wa nishati kutoka: gari haliendi, kwa hiyo kila kinachoingia kwenye klachi kinageuka joto. Kwenye mteremko wa asilimia 10, injini ikizunguka mara 1200 kwa dakika, nimepata kama kilowati 3.5. Hizo ni koili mbili za jiko la umeme zilizowashwa ndani ya boksi lililofungwa, na moto wote unatua kwenye ngozi ya chuma kabla haujapata muda wa kuzama ndani.

Bluu ile niliyoiona ni utando wa oksaidi. Chuma kikifika karibu nyuzi 300 utando huo unakuwa na unene unaorudisha mwanga wa bluu. Rangi peke yake haina madhara. Madhara yako chini yake. Flaiwili kama hii ni chuma cha kalibu, na mahali ambapo msuguano umekibana sana, doa dogo linaweza kupita nyuzi 700 kwa muda mfupi, kisha chuma baridi kinacholizunguka kikanyonya joto lake ghafla. Ni kazi ileile ya mhunzi anayechovya kisu kwenye maji: doa linageuka martensaiti, ngumu na yenye kukatika kirahisi. Uso uliokuwa mmoja sasa una visiwa vigumu. Pleti mpya ikikutana navyo inashika, inaachia, inashika. Huo ndio mtetemo.

Fundi alipitisha ukucha juu ya baka moja, kisha akaniambia nifanye hivyo. Palikuwa na mwinuko mdogo, mwembamba kuliko karatasi, lakini ukucha uliujua. Akaeleza kwa nini hatapeleka flaiwili hii kwenye mashine ya kukereza: kisu kikifika kwenye chuma laini kinakata, kikifika kwenye baka kinaruka juu yake, na unarudishiwa uso unaong'aa wenye vilima vilevile. Inahitaji kusagwa kwa jiwe, na ikiwa nyufa zimeingia ndani, itafutwe nyingine.

Mwenye gari alipendekeza basi inunuliwe nyepesi, kama za mashindano. Injini hii inapata misukumo mitatu kwa kila mzunguko wa kranki, na uzito wa flaiwili ndio unaojaza mapengo katikati. Ukiipunguza, injini inapanda mzunguko haraka, lakini gari likiwa limesimama inatikisika, na kuondoka bila kuzima kunataka mguu wa subira. Faida yenyewe inategemea gia. Flaiwili ya kilo 10 yenye kipenyo cha sentimita 28, ukipitisha ukaidi wake kwenye gia ya kwanza yenye uwiano wa jumla wa karibu 12, ni kama umepakia kilo 150 za ziada. Kwenye gia ya nne, ile ya moja kwa moja, ni kama kilo 12. Kwa hiyo ukipunguza nusu, kwenye kona za polepole ni kama abiria mmoja ameshuka, na kwenye barabara kuu hutasikia kitu. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, nisingegusa.

Jambo moja niliomba, na ningeomba katika gereji yoyote. Mtoto wa kazi alikuwa ameshika mpira wa kompresa apulize vumbi ndani ya boksi. Pleti nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta saratani miongo mingi baadaye. Kitambaa kilicholowa maji, barakoa, na mfuko wa kufungia uchafu vinatosha. Kijana akaweka kompresa chini akaenda kuchota maji.

Pleti kuukuu tuliipima: ribiti zilikuwa karibu usawa na uso, wakati kikomo cha Nissan, watengenezaji wa Datsun, ni milimita 0.3. Flaiwili ilipokuwa tayari, kazi ilikwenda upesi. Sili ya kranki ikabadilishwa, na bushi ndogo ya shaba inayobeba ncha ya shafti pia. Pleti ikawekwa katikati kwa shafti chakavu ya giaboksi, na bolti za presha pleti zikakazwa kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja, ili springi isipindishe kifuniko. Fundi alikawia kwenye kola ya beringi tu. Z za miaka tofauti zilitumia presha pleti za vimo tofauti, na kila moja na kola yake. Ukichanganya, unafunga giaboksi lote halafu klachi haiachii. Akaweka kola mpya na ya zamani bega kwa bega juu ya bati, akaegemeza rula juu ya zote mbili, akachungulia mwanga chini ya rula.

"Hii imezidi," akasema, akairudisha kwenye boksi lake na kumtuma kijana dukani.