Mwenzi Wako Anapougua Saratani ya Damu

JE, msomaji, ungefanya nini iwapo leo daktari angekuambia kwamba mume au mke wako ana saratani ya damu? Wengi huuliza juu ya mgonjwa: atapona? Atatibiwa wapi? Ni wachache wanaouliza juu ya yule anayeketi kando ya kitanda. Hata hivyo, sehemu kubwa ya matibabu haya hufanyika nyumbani, na muuguzi wa nyumbani aghalabu ni mwenzi wa ndoa.

Katika sehemu zinazokuza chai za Kericho na Bomet, maradhi haya hujificha. Mchumaji akilalamika mgongo, watu husema ni kikapu. Akichoka, ni kazi. Akipata homa, ni malaria. Mara nyingi huwa ni kweli. Lakini mgongo unaouma kwa miezi, viganja vilivyopauka, homa zinazorudi, ufizi unaotoka damu au tezi zilizovimba bila kuuma ni dalili zinazohitaji kipimo kamili cha damu. Kipimo hicho hufanywa katika hospitali zetu za karibu, lakini uchunguzi wa uboho huenda ukawapeleka Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, au Nairobi, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Julai 2019 mwezi huo ulitufunza kwamba saratani haichagui. Julai 1 alifariki Bob Collymore, Mkurugenzi Mkuu wa Safaricom, aliyeugua lukemia kali na kutibiwa Uingereza. Julai 29 Bomet ilimpoteza Gavana wake, Dkt. Joyce Laboso, kwa saratani. Tangu hapo watu wengi wamekubali kulitaja jina la ugonjwa huu bila kunong'ona.

Jueni jina la ugonjwa

Saratani ya damu si ugonjwa mmoja. Lukemia huanzia katika uboho na kujaza damu chembe zisizofaa. Limfoma hushika tezi. Mayeloma hukaa katika uboho na kudhoofisha mifupa. Mwombe daktari akuandikie jina kamili, kwani matibabu hutofautiana sana. Lukemia kali huweza kumlaza mgonjwa kwa majuma kadhaa. Kwa upande mwingine, aina moja ya lukemia sugu hutibiwa kwa kidonge cha imatinib kila siku. Dawa hii ilikubaliwa Marekani mwaka 2001, na wagonjwa wengi ambao zamani wangeishi miaka michache sasa huishi miaka mingi wakifanya kazi zao. Hatari yake ni moja: mgonjwa hupata nafuu, akaacha dawa. Hapo ndipo wewe unahitajika. Mkumbushe kila siku, na mhesabu vidonge kabla havijaisha.

Homa ni dharura

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili. Tibakemikali, ambayo wengi huiita kemo, huua chembe za saratani lakini pia hupunguza chembe nyeupe zinazotulinda. Kwa dawa nyingi, mgonjwa huwa dhaifu zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Nunua kipimajoto. Kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Usimpe dawa ya kutuliza homa ili mngoje kupambazuke.

Mkifika kwenye zahanati ya shamba la chai, usiseme tu "ana homa". Sema: "Mgonjwa huyu yuko kwenye kemo." Apimwe malaria, ndiyo, lakini asirudishwe nyumbani na vidonge vya malaria pekee. Anahitaji kupimwa damu na kupewa viuavijasumu kupitia mshipa haraka iwezekanavyo, yaani ndani ya saa moja. Kwa sababu hiyo, weka karatasi mfukoni yenye jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dawa ya mwisho na simu ya hospitali inayomtibu. Mpangeni mapema na jirani mwenye gari au pikipiki.

Mezani na kitandani

Chakula kiwe kimeiva vizuri na cha moto. Mursik huleta ubishi mkubwa hapa, maana ni heshima ya nyumba. Lakini maziwa mabichi, na yaliyolala katika kibuyu, yanaweza kuwa na viini ambavyo mwili uliodhoofika hauwezi kupigana navyo. Mgonjwa angoje hadi daktari aruhusu. Kwa sasa chai ya maziwa yaliyochemka inamtosha. Miti shamba pia isitumiwe bila daktari kujua, kwani mingine huumiza ini au kugongana na dawa. Vivyo hivyo, asimeze aspirini kwa hiari yake, kwani huzidisha kutokwa damu.

Saratani ya damu haiambukizi. Mnaweza kulala kitanda kimoja na kula pamoja. Mkiendelea na tendo la ndoa, tumieni kondomu, na mwanamke asishike mimba wakati wa dawa. Ukisafisha matapishi au mkojo katika siku 2 za kwanza baada ya kemo, vaa glavu.

Fedha na kazi

Bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, hugharimia matibabu ya saratani hadi kiwango fulani kwa familia kwa mwaka, na idhini huombwa kabla ya matibabu. Ulizeni kiwango cha sasa mapema, msije mkakwama katikati. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Mikataba ya vyama hutoa zaidi. Kwa mkulima mdogo, ni busara kutenga nauli za kliniki pindi bonasi ya chai ilipwapo.

Damu pia huhitajika. Ndugu wenye afya, wa umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, wajitolee mapema.

Usimrudishe kwao

Sasa neno kwa wanaume. Mke anapougua, si ajabu kusikia kwamba amepelekwa kwa mama yake "akatunzwe vizuri". Wakati mwingine hiyo ni huruma. Wakati mwingine ni kumtoroka. Kama ni lazima akae kwao, enda naye kliniki, piga simu kila jioni, nawe ujue tarehe ya dawa inayofuata. Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno mepesi, kwani wakifichwa hudhani kosa ni lao.

Mwisho, wewe mtunzaji ni binadamu. Ukikosa usingizi kwa majuma, ukilia bila sababu au ukaanza kutuliza mawazo kwa pombe, mwone daktari. Kubali dada yake ashike zamu Jumamosi, nawe ulale. Huko si kumwacha mgonjwa. Matibabu haya huweza kuchukua miaka, na mwenzi wako atakuhitaji mwaka ujao kama anavyokuhitaji leo.