Shaba yetu ni sumu kwa anemoni ya bahari

Shaba njo inalisha nyumba zetu hapa Katanga. Kuanzia 1971 mpaka 1997, jimbo lenyewe lilibeba jina lake. Lakini kuko nyama moja ya bahari inayouawa na shaba kidogo sana, ile ambayo macho haiwezi kuona ndani ya maji. Ni anemoni ya bahari. Kule Ulaya na Marekani watu wengi wanaifuga nyumbani, ndani ya akwariyamu ya maji ya chumvi. Ikipata kidonda, wanaojua kazi wanauliza kwanza kama mu maji muko shaba.

Kwa kuitazama, utasema ni ua. Kumbe ni nyama, haina mifupa wala bongo. Iko na mguu mmoja wa kushika jiwe, kinywa katikati, na mikono mingi yenye sumu kuzunguka kinywa. Zile za maji ya joto, kama za Bahari ya Hindi, ndani ya mwili wao kuko mimea midogo sana inayotengeneza chakula kwa mwanga. Juu ya hiyo zinaomba taa yenye nguvu.

Namna inaumia, namna inapona

Anemoni inatembea. Maji au mwanga visipoipendeza, inaachia jiwe na kutafuta pahali pengine. Hapo njo pompi ya maji inaivuta na kuipasua. Mara ingine ni mwenyewe anaibandua kwa nguvu ku jiwe, mguu unachanika.

Kazi ya kwanza: zima pompi, acha nyama ijitoe polepole. Kisha funika mdomo wa pompi na sponji. Usiivute, usiishikeshike. Dawa yake ni maji safi: chumvi gramu karibu 35 kwa litre moja, joto la digri 25 ao 26, na kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Chakula kingoje. Kinywa kikifunga vizuri na mikono ikianza tena kushika, uipe kipande kidogo cha samaki.

Mwili wake unajijenga upya. Aina moja, Entacmaea quadricolor, inajigawa yenyewe mara mbili, na kila kipande kinakuwa nyama nzima. Basi kupasuka peke yake si kifo. Dalili mbaya ni kinywa kubaki wazi siku na siku, mwili kuyeyuka na kunuka. Hapo uitoe mbio, sababu ikioza inachafua maji na kuua samaki.

Shaba inaingilia wapi?

Samaki wakishikwa na vidudu vya ngozi, watu wanatia dawa ya shaba, karibu miligramu 0.2 kwa litre. Vidudu vinakufa, samaki anapona. Lakini kipimo kile kile kinaua anemoni, matumbawe, konokono na kamba. Tena mawe ya chokaa yanakunywa ile shaba, kisha yanaitoa kidogo kidogo. Mtu ataweka anemoni miezi nyuma ya dawa, na itakufa bila yeye kujua sababu. Hata maji yaliyolala ndani ya tiyo za shaba yanaweza kuibeba. Kwa hiyo samaki mgonjwa anatibiwa katika beseni ingine.

 Hatari iko pale shaba inapoyeyuka mu maji. Mu mito ni vilevile: maji ya mgodi yenye shaba yakiingia, konokono na vidudu vidogo njo vinateseka mbele.

Kambo wa Scotland

Mu 1828, Sir John Dalyell aliokota anemoni ku bahari ya North Berwick, kule Scotland, akaiweka ndani ya chupa nyumbani. Yeye alikufa mu 1851. Anemoni ikabaki, ikapita mikononi mwa watu wengine mpaka 1887. Waliiita "Granny", ni kusema Kambo. Ilikuwa aina ya maji ya baridi, isiyoomba taa. Haikuwa na pompi wala dawa; walikuwa wanaibadilishia maji ya bahari na kuilisha kidogo. Iliishi hivyo miaka 59.