Hai Jalaba: Wanawake wa redio na kamera wanataka malipo, pongezi zimetosha

Jenereta ikizimika Hai Jalaba, watu wa kazi tofauti hukwama kwa pamoja: anayechapa kadi za harusi, anayehariri video ya mahafali, anayemalizia tangazo la redio la kesho asubuhi. Mtaa huu wa Juba ulipewa jina la jalaba, wafanyabiashara wa Kaskazini waliofungua maduka huku enzi za Sudan moja, na biashara haijauhama. Kilichoongezeka ni bidhaa isiyopimwa kwa kilo: sauti, picha na michoro. Wasichana waliosoma Kampala, Nairobi au katika shule za kambi ya wakimbizi ya Kakuma wamerudi na ujuzi huo, na wanachouliza ni namna ya kuishi kwa kazi hiyo bila kuomba nauli nyumbani.

Nasaha hazikosekani. Kila Machi husikika hotuba kuhusu mwanamke na vyombo vya habari, na warsha huja na vitini vyake. Lakini mashauri yaliyo na uzito niliyapata kwa wanawake waliokwisha kupunjwa, wakajifunza kuhesabu.

Mmoja ana studio ndogo ya picha na video. Hataki jina lake liandikwe, kwa kuwa wateja wake wakubwa ni mashirika ya misaada na ofisi za serikali, na mteja akikasirika haleti kazi ya pili. Alinifungulia daftari la mauzo lenye jalada la plastiki. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili mteja, ya tatu kiasi walichokubaliana. Ya nne ameichora mwenyewe kwa rula: bei ya dola siku ya makubaliano. Ya tano, nyembamba kuliko zote, ni bei ya dola siku aliyolipwa.

Safu hizo mbili za mwisho ndizo malalamiko yake. Alipewa kazi ya video ya mradi, akakubali bei kwa pauni, akakodi gari, akamlipa msaidizi, akanunua mafuta ya jenereta. Fedha zilikuja baada ya miezi minne, kiasi kilekile kilichoandikwa, na kwa wakati huo hazikutosha kununua hata betri mbili za kamera. Mteja alilipa kila pauni aliyoahidi, hivyo hapakuwa na wa kumshitaki. Anasema alikaa siku mbili akijilaumu kwa ubovu wa kazi, hadi alipochukua kikokotoo na kuona kwamba kazi haikuwa na kosa lolote.

Wasomaji wanaijua historia ya pauni yetu ya Sudan Kusini. Desemba 2015 ilipoachiwa ielee, dola iliruka kutoka takriban pauni 3 hadi 18.5 mara moja. Kufikia 2025 ilikuwa imepita 4,000. Kodi ya chumba, kompyuta mpakato, kamera, hata kadi ya kumbukumbu, vyote bei yake hufuata dola. Anayekubali bei ya pauni bila tarehe ya malipo amemkopesha mteja, na mkopo huo hauna riba wala dhamana.

Kwa hiyo anachowafundisha wasichana wanaokuja kujifunza kwake hakihusu sana mwanga wala pembe ya picha. Bei iandikwe kwa dola, ilipwe kwa pauni kwa kiwango cha siku. Nusu iingie kabla kamera haijatoka mkobani. Nakala ya kwanza ipelekwe ikiwa na alama ya studio katikati ya picha, na faili safi litoke salio likiisha. Kadi haikabidhiwi, hata mteja akisema ana haraka na atairudisha jioni. Binti aliyekuwa akihariri pembeni alimuuliza, "Na kama ni mtu mkubwa, mama?" Akamjibu kwamba mtu mkubwa ana mhasibu, na mhasibu anajua maana ya malipo ya awali.

Nilimwambia kwamba ushauri huo ni mwepesi kwa mwenye studio na wateja aliowakusanya kwa miaka minane. Anayeanza, akidai nusu, kazi itakwenda kwa mwingine kabla ya jua kuzama. Hakubisha. Alisema ndiyo maana wanawake wa kazi hii wangekubaliana bei ya chini kabisa kati yao, na kwamba wamejaribu mara mbili, na mara zote mbili mmoja wao alivunja kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa.

Redio ina hesabu yake. Utafiti wa kaya wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 waliojua kusoma na kuandika ni 16 tu, na nchi ina lugha zaidi ya 60. Mtangazaji wa kike mwenye Kiarabu cha Juba, Kibari na Kiingereza anamfikia mama muuza chai ambaye gazeti halimfikii. Hiyo ni mali, lakini wengi wanaipeleka kazini bure. Mwajiri huajiri mtangazaji mmoja, akapata na wafasiri wawili ndani yake. Mwanamke aliyewahi kusoma habari kwa lugha tatu kwa mshahara mmoja anawashauri wadogo zake kila lugha iandikwe kwenye mkataba, na tafsiri ihesabiwe kuwa kazi ya pekee. Sijakutana na mwajiri aliyefurahia wazo hilo, na nadhani mama huyu ana haki kabisa.

Tatizo ni kwamba hata mwajiri mwenye nia njema ana mfuko mfupi. Stesheni nyingi za hapa zimesimama kwa fedha za wafadhili, na matangazo ya biashara hayajawahi kuziba pengo. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, waliokuwa wakiishi kwa mikataba ya mradi walitambua kwamba ajira yao ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa mbali. Mwezi huohuo amri ya kufunga Facebook na TikTok, baada ya video za mauaji ya Wasudani Kusini nchini Sudan kusambaa, iliwakata wauzaji wa mtandaoni kutoka kwa wateja wao. Ilifutwa baada ya siku chache. Hata hivyo mpambaji wa maharusi ninayemfahamu, aliyekuwa akipata oda zake zote huko, tangu hapo anaandika namba za simu za wateja wake kwenye karatasi. Ni ushauri mzuri kwa yeyote.

Afisa mmoja wa serikali anayeshughulikia sekta hii, naye akiomba asitajwe, alinirudisha mara tatu kwenye tarakimu moja: asilimia 35. Ndiyo sehemu ya wanawake iliyowekwa na mkataba wa amani wa Septemba 2018, kutoka asilimia 25 ya Katiba ya Mpito ya 2011. Kwake hiyo inathibitisha kwamba milango imefunguliwa, na katika habari na sanaa pia. Lakini tarakimu hiyo inahusu nafasi za uongozi serikalini. Haimfungi mwenye stesheni binafsi, na haisemi neno juu ya mshahara. Nilipomuuliza ni wanawake wangapi wahariri wakuu, au wangapi wanamiliki kamera wanayoibeba, hakuwa na karatasi ya kunionyesha. Duniani kwenyewe mwendo ni wa kobe: mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaosikika na kuonekana katika habari, na mwaka 2020 walikuwa 25. Pointi nane kwa miaka 25.

Kuna gharama ambazo hazimo katika takwimu yoyote. Kupiga picha hadharani Juba bila kibali ni kujitafutia kunyang'anywa kamera. Taarifa ya jioni ikiisha, giza limeshaingia, na boda wa kuaminika ana bei yake. Wapo wasichana walioacha zamu ya usiku, yenye posho bora, kwa sababu posho yote iliishia kwenye nauli na hofu ikabaki palepale. Mwenye studio anasema kabla hujauliza mshahara, uliza nani anakurudisha nyumbani. Nimeliweka neno hilo juu ya mengine yote niliyosikia.

Wanaodarizi milaya, zile shuka za maua zinazotandikwa nyumba ikiwa na wageni au harusi, nao ni watu wa sanaa ingawa hawaalikwi kwenye warsha. Shuka moja huchukua wiki nyingi za sindano. Mnunuzi wa nje huipiga picha na kuiuza mbali kwa bei asiyoijua mdarizi. Mmoja ameanza kushona herufi za jina lake kwenye pindo, kwa uzi wa rangi ya kitambaa.

Soko litakuwaje? Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na Kiswahili kinaweza kumfungulia mtangazaji wa Juba kazi za sauti Nairobi na Dar es Salaam. Barabara ya lami ya Nimule, kilomita 192, inaleta pia mabango yaliyochapwa Kampala kwa bei ambayo Hai Jalaba haiwezi, kwa kuwa huko umeme hautoki kwenye pipa la dizeli. Wengine wanaona fursa, wengine ushindani. Kwa sasa naona ushindani zaidi, ingawa mafuta ghafi ya nchi yakipita vizuri kwenye bomba la kwenda kuuzwa nje na pauni ikitulia miezi sita, huenda nikabadili kauli.

Hayo yako nje ya uwezo wa binti mwenye kamera. Lililo ndani ya uwezo wako wewe msomaji mwenye ofisi Juba ni dogo: ukimwagiza kazi leo, mlipe nusu leo, na uandike siku utakayolipa nusu ya pili.