Mota ya Hatua: Kuanza Polepole na Kusimama Polepole

Umekwisha kujifunza kwamba msumari uliozungushiwa waya huwa sumaku umeme unapopita katika waya huo. Katika somo hili utaona jinsi sumaku za namna hiyo zinavyoendesha mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Utaona pia kwa nini mashine hiyo haifai kuharakishwa inapoanza kwenda.

Mashine ya kuchonga

Mashine ya kuchonga ina kisu kinachozunguka kwa kasi. Chini ya kisu kuna meza. Ubao au kipande cha metali hufungwa imara juu ya meza hiyo, kisha meza husogezwa ili kisu kichonge mahali panapotakiwa. Zamani fundi alisogeza meza kwa mikono yake. Mwaka 1952, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ilionyeshwa mashine iliyofuata namba zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Siku hizi watu wapendao ufundi huunda mashine ndogo za aina hii nyumbani mwao. Kompyuta hutoa amri, na mota husogeza meza.

Mota ya hatua

Mota ya feni huzunguka mfululizo. Mota ya hatua huzunguka kidogo kidogo. Katikati yake kuna mhimili wenye sumaku na meno mengi madogo. Kuuzunguka mhimili huo kuna koili za waya. Umeme ukipitishwa katika koili moja, meno huvutwa na kutulia. Umeme ukihamishiwa koili ya pili, mhimili husogea tena kidogo. Kila msogeo huo huitwa hatua.

Mota nyingi za aina hii hupiga hatua 200 ili kumaliza mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja ni digrii 360, kwa hiyo hatua moja ni digrii 1.8. Tuseme mota imeunganishwa na skrubu ndefu, na skrubu hiyo ikizunguka mara moja, meza husogea milimita 4. Basi hatua 50 husogeza meza milimita 1. Ili kuisogeza milimita 60, kompyuta itatoa amri ya hatua 3,000. Piga hesabu hiyo mwenyewe.

Lakini kumbuka jambo moja. Katika mashine nyingi ndogo hakuna kifaa cha kuieleza kompyuta kama mota imetii. Kompyuta huhesabu amri ilizotoa, wala haihesabu hatua zilizopigwa. Mota ikikosa hatua, kompyuta haina habari.

Jaribio

Vifaa: boksi dogo, mchanga, penseli sita za mviringo, na uzi mwembamba wa kushonea.

1. Jaza mchanga ndani ya boksi na ulifunge uzi.
2. Panga penseli juu ya meza, kisha weka boksi juu ya penseli hizo.
3. Vuta uzi polepole, ukiongeza kasi kidogo kidogo.
4. Boksi likiwa linakwenda, acha kuvuta ghafla.
5. Rudisha boksi mahali pake. Sasa vuta uzi ghafla na kwa nguvu.

Umeona nini? Ulipovuta polepole, boksi lilikwenda. Ulipoacha kuvuta, halikusimama papo hapo. Ulipovuta ghafla, uzi ulikatika. Kitu kilichotulia hukaidi kuondoka, na kitu kinachokwenda hukaidi kusimama. Kadiri kitu kilivyo kizito, ndivyo ukaidi huo unavyozidi.

Mota inapokosa hatua

Nguvu ya sumaku ndani ya mota ni kama uzi ule. Tuseme meza imetulia, na ghafla kompyuta inadai hatua 1,000 kwa sekunde. Mhimili, skrubu na meza ni vizito. Kabla meno hayajafika mahali yanapovutwa, umeme umekwisha kuhamia koili nyingine. Mota hunguruma na kutetemeka bila kwenda, au huachwa nyuma.

Uzi ukikatika, unaona. Sumaku haikatiki; hushika tena, lakini mahali pengine. Katika mota yenye hatua 200, mahali hapo huwa hatua 4 kutoka pale pa kwanza, au 8, au 12, na kuendelea. Hatua 4 ni milimita 0.08 tu, kama unene wa karatasi. Lakini mota ikikosa hatua 100, kisu kitakuwa milimita 2 nje ya mahali pake. Mashine itaendelea kuchonga hapo mpaka mwisho, kana kwamba hakuna lililotokea. Kazi ya saa nyingi itaharibika, na pengine kisu kitavunjika.

Mchapuko

Dawa yake ni kuongeza kasi kidogo kidogo. Kiasi cha kasi kinachoongezeka katika kila sekunde huitwa mchapuko. Tazama jedwali hili la mota inayoanza kwenda:

Sekunde 0: hatua 0 kwa sekunde
Sekunde 0.25: hatua 250 kwa sekunde
Sekunde 0.50: hatua 500 kwa sekunde
Sekunde 0.75: hatua 750 kwa sekunde
Sekunde 1.00: hatua 1,000 kwa sekunde

Katika sekunde hiyo moja kasi ya wastani ni hatua 500 kwa sekunde. Kwa hiyo meza imesogea hatua 500, yaani milimita 10. Kusimama nako kunahitaji milimita 10 kama hizo. Basi katika safari ya milimita 60, mota huongeza kasi kwa milimita 10, huenda kwa kasi moja kwa milimita 40, kisha hupunguza kasi kwa milimita 10 za mwisho. Ukichora kasi hiyo katika daftari lako, utapata umbo la mlima wenye kilele bapa.

Kompyuta hupata wapi habari za kupunguza kasi mapema? Programu moja inayotumiwa sana katika mashine ndogo ni Grbl, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwe mwaka 2009. Programu hiyo husoma amri kadhaa zilizo mbele. Ikiona kona kali inakuja, huanza kupunguza kasi kabla ya kufika.

Kuchagua mchapuko

Mchapuko ukiwa mkubwa mno, mota hukosa hatua. Ukiwa mdogo mno, kazi huchelewa, na kisu hukawia katika kona na kuunguza ubao. Tena, nguvu ya mota ya hatua hupungua kasi inapokuwa kubwa. Kwa hiyo fundi hupima. Huweka alama mezani, huamuru meza iende na kurudi mara nyingi, kisha hutazama kama imerudi penye alama ile ile. Isiporudi, hupunguza mchapuko. Ikirudi, huuongeza kidogo na kupima tena. Mwisho huchagua kiasi kilicho chini ya kile kilichoshindwa, kwa sababu kuchonga kunahitaji nguvu zaidi kuliko kwenda bure.

Maswali

1. Kwa nini kompyuta haijui kwamba mota imekosa hatua?
2. Mota imekosa hatua 200. Meza iko milimita ngapi nje ya mahali pake?
3. Safari ya milimita 60 iliyoelezwa hapo juu huchukua sekunde ngapi?
4. Meza inatakiwa kusogea milimita 12 tu. Je, itafikia kasi ya hatua 1,000 kwa sekunde? Eleza sababu.
5. Rudia jaribio kwa boksi lenye mchanga nusu. Je, uzi unakatika kwa urahisi kama mwanzo? Kwa nini?