Jeraha Lisilotoa Damu: Tunayojifunza kwa Wachezaji wa Mpira wa Kimarekani



Mwezi huu tunazungumzia jeraha ambalo halitoi damu wala halionekani kwa macho, lakini ambalo limevunja nyumba nyingi. Ni jeraha la ubongo. Tutalieleza kwa kuwatazama watu waliolipata kazini mwao, yaani wachezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani. Huenda mtauliza, mchezo wa mbali hivyo unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu yaliyogunduliwa kwao yanatufundisha jinsi ya kumtunza mtu yeyote aliyegongwa kichwani. Tena aliyeyagundua ni mwana wa Afrika na Mkatoliki mwenzetu.

MCHEZO WENYEWE

Mpira wa Kimarekani si kandanda tunayoijua sisi. Mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi. Kila upande una wachezaji 11, nao huruhusiwa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini. Wale wa mstari wa mbele hugongana karibu kila mara mpira unapoanzishwa, na wengi wao wana uzito wa zaidi ya kilo 135. Ligi yao kuu, iitwayo NFL, ina timu 32, na tangu mwaka 2021 kila timu hucheza mechi 17 katika msimu wa kawaida.

Si ajabu basi kwamba miili huumia. Kano zinazoshikilia goti hukatika, mabega huteguka, vidole na mbavu huvunjika. Wengine huumia shingo. Mwaka 1978 Darryl Stingley wa timu ya New England aligongwa katika mechi ya kujipima nguvu, akavunjika shingo, na akaishi katika kiti cha magurudumu hadi alipofariki mwaka 2007. Joto nalo huua: mwaka 2001 Korey Stringer wa timu ya Minnesota, kijana wa miaka 27, alifariki baada ya mazoezi katika jua kali, mwili wake uliposhindwa kujipoza. Unene unaotafutwa kwa ajili ya mchezo huleta shinikizo la damu, maradhi ya moyo, na kukatika kwa pumzi usingizini.

Hata hivyo, majeraha hayo yote yalijulikana tangu zamani. Lililochelewa kujulikana ni lile lililojificha ndani ya fuvu.

YAI NA GANDA LAKE

Ubongo ni laini sana, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu gumu. Chukueni yai bichi mlitikise kwa nguvu. Ganda litabaki zima, lakini kiini ndani kitakuwa kimerushwa huku na huku. Ndivyo ilivyo kwa kichwa kinachogongwa. Kichwa husimama ghafula, lakini ubongo ndani huendelea kwenda na kujipinda, na nyuzi zake nyembamba huvutwa. Hali hii tunaiita mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtu azimie ndipo tuseme ameupata; wengi hawazimii kabisa.

Wachezaji hawa huvaa kofia ngumu. Kofia hiyo husaidia sana fuvu lisipasuke, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani. Kwa miaka mingi watu waliitumaini kupita kiasi, na mchezaji aliyeyumbayumba alipewa maji, akapigwa begani, akarudishwa uwanjani. Kuvumilia kulihesabiwa kuwa ushujaa.

MIKE WEBSTER NA DAKTARI OMALU

Mike Webster alicheza NFL tangu mwaka 1974 hadi 1990, mara nyingi katikati ya mstari wa mbele, mahali pa kugongana kuliko pote. Akiwa na timu ya Pittsburgh alitwaa ubingwa mara 4. Lakini baada ya kustaafu alibadilika. Alisahau mambo, alikuwa na hasira asizokuwa nazo zamani, na hakuweza kushika fedha wala kazi. Ndoa yake ilivunjika, na ikafika wakati akawa analala ndani ya gari lake. Alifariki mwaka 2002 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 50 tu.

Maiti yake ilichunguzwa na Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyekuwa akifanya kazi mjini Pittsburgh. Daktari huyu ni Mkatoliki asiyeficha imani yake, na mke wake ni mzaliwa wa Kenya. Alipoutazama ubongo wa Webster kwa macho aliuona kama wa kawaida. Hata hivyo hakuridhika. Aliuhifadhi, akagharimia vipimo kwa fedha zake mwenyewe, na chini ya hadubini akaona protini iitwayo tau imerundikana ndani ya chembe za ubongo mahali isipostahili. Ugonjwa huo, ambao kwa kifupi huitwa CTE, unafanana na ule ambao madaktari walikuwa wameuona kwa mabondia tangu miaka ya 1920.

Mwaka 2005 Daktari Omalu alitangaza matokeo yake katika jarida la kitabibu. Madaktari wa kamati ya ligi walidai makala hiyo ifutwe, lakini haikufutwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 ligi ilikiri hadharani kwamba mitikisiko ya ubongo yaweza kuleta madhara ya muda mrefu, na mwaka 2016 kiongozi wake mmoja alikubali mbele ya wabunge wa Marekani kwamba mchezo huo una uhusiano na CTE. Wachezaji wastaafu waliishitaki ligi, na kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na hakimu mwaka 2015 wamekwisha kulipwa zaidi ya dola bilioni 1.

Mwaka 2017 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Boston walieleza kwamba walikuwa wamepima bongo 111 za waliowahi kucheza NFL, na 110 zilikuwa na CTE. Tusome hesabu hii kwa uangalifu. Bongo hizo zilitolewa na familia, na nyingi kati yake zilikuwa zimeona dalili kwa ndugu zao. Kwa hiyo haina maana kwamba karibu kila mchezaji anaugua. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2012, uliwafuata wachezaji 3,439 wa zamani. Ulionyesha kwamba kwa jumla walikufa wachache kuliko ilivyotarajiwa, lakini vifo vilivyohusiana na magonjwa ya kuchakaa kwa ubongo vilikuwa mara 3 ya vile vya watu wengine.

Hadi leo CTE huthibitishwa baada ya kifo tu, na hauna dawa ya kuuponya. Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba hausababishwi na pigo moja kubwa pekee. Mapigo madogo mengi, ya miaka mingi, hujumlishwa.

NA KANDANDA YETU?

Jeff Astle alikuwa mshambuliaji wa Uingereza aliyesifiwa kwa kupiga mpira kwa kichwa. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na mchunguzi wa vifo akaamua kwamba kazi yake ya mpira ndiyo iliyomwua. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba ubongo wake ulikuwa na CTE. Kwa sababu hizo shirikisho la kandanda la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wa miaka 10 na chini wasipige mpira kwa kichwa.

Hatusemi watoto wasicheze. Michezo hujenga mwili na urafiki. Tunasema wazazi, walimu na makocha wa vijana wa parokia wajue la kufanya mtoto anapogongwa kichwani, iwe uwanjani, juu ya mwembe au kwenye pikipiki:

1. Atolewe mchezoni papo hapo, na asirudi siku hiyo hata akisema amepona. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona laweza kuufanya ubongo uvimbe na kumwua, hasa kijana.

2. Akilalamika shingo, asiinuliwe wala kugeuzwa ovyo. Alale alivyo hadi msaada ufike.

3. Mwangalieni kwa siku mbili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kusahau, kuchukia mwanga au kukasirika upesi ni dalili za mtikisiko. Apumzike, apelekwe kwa mganga wa zahanati, kisha arudi shuleni na mchezoni hatua kwa hatua.

4. Mpelekeni hospitali bila kuchelewa akizimia, akitapika tena na tena, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, maneno yakimkwama, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu au maji yakitoka puani au masikioni.

5. Asipewe aspirini wala pombe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Tuache kumsifu mtoto kwa kuficha maumivu. Mwenye kusema "kichwa kinaniuma, nitoeni" ametenda jambo la busara, na kocha anayemsikiliza amemtendea kama mzazi.

Neno la mwisho ni kwa ajili ya familia. Watu wengi walimwona Webster kama mtu aliyeharibika tabia, kumbe alikuwa mgonjwa. Huenda katika jumuiya yetu ndogo yumo ndugu ambaye tangu alipoanguka au kupata ajali amekuwa msahaulifu, mkali, au mtu wa kujitenga. Kabla ya kumhukumu, au kusema amerogwa, tumsindikize kwa daktari na tueleze siku ile ya ajali. Akizungumza habari za kutamani kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali, na padre aitwe. Mgonjwa wa ubongo anahitaji uvumilivu wetu kama anavyouhitaji aliyevunjika mguu, na pengine zaidi, kwa kuwa yeye hana bandeji ya kutuonyesha.