Chuma cha Chuo Kikuu kilicholeta kilio Delhi

Hebu fikiria, msomaji. Umenunua vyuma kuukuu kwa mizani, ukavipasua upate kuviuza kilo kwa kilo. Siku chache baadaye ngozi inakuwa nyeusi na nywele zinang'oka. Utadhani umerogwa?

Hayo yalimkuta mfanyabiashara mmoja wa soko la Mayapuri, jijini Delhi, India, mnamo Aprili 2010. Madaktari waliomlaza walishuku mionzi, na wataalamu wa serikali walipofika na vyombo vyao walikuta vipande vya kobalti-60 sokoni. Vilitoka wapi? Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Delhi! Mtambo wa utafiti ambao haukuwa umetumiwa tangu 1985 ulipigwa mnada Februari 2010 kama chuma cha kawaida. Na hao ni wasomi. Kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu zake kila miaka mitano na ushei, kwa hivyo miaka 25 haikutosha kuimaliza.

Watu kadhaa walilazwa. Kibarua mmoja wa miaka 35 alifariki kabla ya mwezi huo kwisha.

Sasa, ungekuwa muuguzi, ungemkaribia mgonjwa kama huyo? Wengi huogopa bure. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje hawezi kukudhuru, kama vile aliyeunguzwa na jua hawezi kukuunguza. Wa kuangaliwa ni yule aliyeingiwa na vumbi lenyewe nguoni au mwilini. Huyo huvuliwa nguo, na hatua hiyo pekee huondoa uchafu mwingi, kisha huoshwa kwa sabuni na maji vuguvugu bila kumchubua. Lakini akiwa mahututi, roho yake huokolewa kwanza.

Kazi ngumu hufuata. Damu hupimwa tena na tena. Chembe nyeupe zikipungua upesi, madaktari hujua mionzi ilikuwa mingi. Huharibu uboho, ule unaotengeneza damu ndani ya mifupa. Ndiyo maana mgonjwa hutengwa: si kwamba ataambukiza wengine, bali homa ya mgeni yaweza kumuua. Hupewa antibiotiki, huongezwa damu, na hudungwa dawa za kuamsha uboho.

Kipande kimoja cha kobalti hiyo, msomaji, kilipatikana ndani ya pochi ya mwenye duka mwingine. Alikuwa akitembea nacho.